Ndoano ya Manyoya Mmeitupa Wapi?

Kuna kauli nimeisikia mara tatu, na hiyo ya tatu imenikera mpaka nimekaa kitako kuandika. Kauli yenyewe ni hii: "Hadithi za samaki zimepitwa na wakati."

Mara ya kwanza ilitoka kwa mshikaji mmoja kijiweni Mwanga, mtunzi wa mashairi ya mapenzi, tukiwa tunanywa kahawa. Nikacheka, yakaisha. Mara ya pili ilitoka kwa mkubwa mmoja wa fani aliyekuja kutufunda sisi chipukizi. Andikeni mji, alisema, andikeni daladala, andikeni baa na simu, mambo ya mitumbwi waachieni wazee. Tukayanakili madaftarini neno kwa neno. Mara ya tatu kauli ilitoka kinywani mwangu mwenyewe, na niliyemwambia ni mjomba wangu, mvuvi wa Kasingirima. Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

Nilikuwa nimemsomea hadithi yangu. Nilikuwa naiona kali kweli. Ilianza hivi, na sioni haya kuirudia kwa kuwa aibu yake nimeshaila yote: "Jua lilipochomoza, mvuvi maskini alitupa wavu wake katika bahari tulivu." Mjomba alikuwa amekaa barazani anafunga uzi kwenye ndoano. Hakuinua kichwa.

"Anavua nini huyo?"

"Samaki, mjomba."

"Samaki gani?"

"Samaki tu."

"Jua limeshatoka ndiyo kwanza anatupa wavu? Dagaa gani wa saa hizo? Na bahari kaifuata wapi, Bagamoyo?"

Nikajitetea kisomi. Nikamwambia wavu pale ni ishara. Akauliza ishara ya nini. Nikatafuta jibu, nikalikosa, nikaona nitoke kwa mkwara: "Mjomba, hata hivyo hadithi za samaki zimepitwa na wakati." Akaukata uzi kwa meno, akaitazama ndoano yake kwenye mwanga. "Sawa, mpwa wangu," akasema. "Basi usinisomee tena."

Hakukasirika. Ningepona kama angekasirika.

Sasa nawauliza nyinyi, maana mimi nimeshaulizwa. Huyu mvuvi anayetembea kwenye kurasa zetu tumemtoa wapi? Ana vitu vitatu tu: umaskini, wavu na mawimbi. Halafu ukurasa wa mwisho anakufa maji ili msomaji atoe leso. Hana samaki mwenye jina, hana saa ya kazi, hana mkono. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Mbalamwezi ikishawaka vyombo vinakaa pwani, kwa sababu taa haifui dafu mbele ya mwezi. Mtoto wa darasa la pili Ujiji anayajua haya. Mtunzi wa kidato cha sita, aliyelelewa kwa hela za dagaa haohao, anatupa wavu jua likichomoza. Huo si ubunifu, jamani, huo ni uzembe uliovaa tai.

Na huyo ni mvuvi wa wavu, ambaye angalau tunamtaja. Mvuvi wa ndoano hatumtaji kabisa. Tukimwona pwani tunasema ni mzee anapoteza muda, au ni watoto wanacheza. Basi ngoja niwaambie anachofanya, kama nilivyokionyeshwa baada ya kuomba radhi.

Mjomba hatumii chambo. Hana mnyoo, hana kipande cha nyama, hana dagaa wa kutunga. Ana mshipi mmoja mrefu, mwisho wake risasi, na juu ya risasi ndoano kumi na kitu zimepangwa kwa nafasi, kila moja kwenye kauzi kake. Kwenye kila ndoano amefunga manyoya. Manyoya meupe, membamba, ya shingo ya jogoo, yamebanwa kwa uzi wa kushonea karibu na tundu la ndoano, ncha zake zikaachwa zielee. Kwa macho yako na yangu ni takataka ya bandani. Ukiitia majini na kuivuta kidogo, manyoya yanajikunja na kufunguka, na pale pale unaona dagaa. Mimi niliyekuwa nimeyashika manyoya hayo mkononi dakika moja kabla, nimeona dagaa.

Anayetafutwa ni mgebuka. Mgebuka anakula dagaa, anawafuata kundi kwa kundi, na ndiye anayeandanganywa kwa jogoo. Mtumbwi unatoka kabla ya kupambazuka. Mjomba anashusha mshipi na kuupima kwa mikono, pima moja, pima mbili, mpaka pale ambapo jana waliuma, kisha anaongeza au kupunguza kwa sababu zake. Halafu anachezesha. Hapa ndipo ilipo elimu yenyewe, na hapa ndipo kalamu yangu inakwama, maana lugha ya kazi hii sikujifunza nilipokuwa mdogo, nilikuwa nimeenda tuisheni. Mkono unapanda, unatulia, unaachia ghafla. "Dagaa aliyeshtuka haendi moja kwa moja," aliniambia. "Wewe unavuta kama unavuta mbuzi. Mgebuka anajua hiyo ni kamba." Akiuma mmoja, mjomba havuti. Anangoja. Anasikiliza kwa kidole cha shahada kama daktari, wa pili, wa tatu, wa tano, ndipo mshipi unapanda umejaa. Wapo wenzake wanaochanganya na nyuzi za mfuko wa salfeti ili zing'ae. Mjomba anawadharau. Kila fani ina wababe wake.

Nilipotoka pale na aibu yangu, nikaenda kusoma. Nikakuta kitu kilichonitoa jasho. Kazi hii hii, kule kaskazini ya dunia, ina jina, ina vyama na ina maktaba nzima. Wanaiita uvuvi wa nzi, kwa sababu ndoano yao hufungwa manyoya ifanane na mdudu aliyeangukia majini. Lakini si mdudu peke yake. Wana na ndoano za manyoya zilizofungwa zifanane na samaki mdogo anayekimbia. Yaani ya mjomba. Msimu wanaousifia sana ni ule wa majani kupukutika, Septemba na Oktoba, kwenye maziwa na mabwawa ya Kanada na ya majimbo kama Maine kule Marekani. Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka, ya chini yanapanda, na ziwa zima linajigeuza kama mtu kitandani. Samaki wao anayeitwa trauti, aliyekuwa amejichimbia kilindini akikimbia joto, anarudi karibu na juu na karibu na ukingo. Basi mtu anavaa koti, anasimama ndani ya maji ya baridi mpaka mapajani, anarusha unyoya. Jioni anarudi nyumbani na, aghalabu bila samaki, anaandika.

Anaandika! Na hakuanza jana. Mwandishi Claudius Aelianus, miaka karibu 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufi nyekundu na manyoya mawili ya jogoo kwenye ndoano. Uingereza mwaka 1496 kilichapwa kitabu chenye mwongozo wa kuvua kwa ndoano, kikitaja nzi kumi na wawili wa kufungwa kwa manyoya na sufi, kila mmoja na wakati wake wa mwaka. Mwaka 1653 Izaak Walton akatoa The Compleat Angler, na kitabu hicho kinachapwa hadi leo. Kilichonimaliza kabisa ni unyoya wenyewe. Unajua wanaosifia unyoya gani kuliko yote? Wa shingo ya jogoo. Wako wafugaji Marekani wanaofuga majogoo kwa ajili ya hayo manyoya tu, nyama ni jambo la pembeni. Jogoo wa jirani yetu pale Kasingirima ana mali shingoni na hajui.

Msije mkaniambia basi ni mambo ya Wazungu, maana najua kuna mtu ameshafungua mdomo. Ni kweli Afrika Mashariki nzi huyu aliingia na ukoloni. Mwaka 1905 Grogan, yule mlowezi wa Kenya, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakapandwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Fikiria safari hiyo ya mayai ya samaki, meli kisha reli kisha vichwa vya wapagazi, ili tu bwana fulani apate kitu cha kurushia unyoya Jumamosi. Walileta samaki kwa ajili ya ndoano. Ziwani kwetu samaki yupo, ndoano ipo, unyoya upo, mkono upo. Mjomba alifundishwa na babake, hakufundishwa na klabu. Kilichokosekana ni yule mtu wa jioni anayerudi nyumbani kuandika. Mtu huyo alitakiwa awe mimi au wewe.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Wangapi kati yetu tumesoma The Old Man and the Sea ya Hemingway, ya mwaka 1952, iliyompa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata? Tumeisifia mpaka mate yakakauka. Binadamu na maumbile, tulisema, ujasiri, upweke. Yule mzee hana hata fimbo ya kuvulia. Ana mshipi mkononi, unamkata viganja. Tukafunga kitabu, tukapita pwani ya Ujiji kurudi nyumbani, tukamwona mzee na mshipi mkononi unamkata viganja, tukasema: ushamba.

Ujiji yenyewe tunaiandikaje? Burton na Speke walifika mwaka 1858, Burton akaandika. Stanley akamkuta Livingstone mwaka 1871, Stanley akaandika. Tangu hapo kila anayetaka kuiandika Ujiji anakwenda kusimama chini ya mwembe na kusimulia salamu za wageni wawili. Ziwa lenyewe limesogea mbali na pale waliposalimiana, sisi bado tumesimama. Waliokuwa wanawauzia samaki hao wageni walikuwa wanawavua kwa nini, saa ngapi, wakiwaitaje? Hilo halina mnara.

Mtasema haya ni manung'uniko ya kijiweni tu. Nakuja kwenye hasara.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wetu, mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Nchi nne zenye ziwa hili, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kwamba samaki wapewe nafasi ya kuzaliana. Sipingi. Mtu anayesema ziwa halijachoka hajakaa na wavuvi. Vyombo vimeongezeka, taa zimeongezeka, makokoro yanakomba mpaka mayai, na kuna watu wanavulia chandarua cha mbu, ambacho hakibagui mtoto wala mama. Tena kuna jambo lisilo la mvuvi kabisa. Lile ziwa la Maine linajigeuza kila mwaka majani yakipukutika. Letu, lenye kina cha karibu mita 1,470, halijigeuzi lote. Samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, chini huko hakuna hewa. Chakula kilichozama kinarudishwa juu na upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi, unaosukuma maji na kuyakoroga. Maji ya juu yakizidi joto yanakataa kukorogeka. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hilo laweza kumaanisha samaki kupungua kwa kama asilimia 30. Hao hawakuchukuliwa na wavu wala ndoano. Walichukuliwa na joto.

Kwa hiyo ziwa lilifungwa, mjomba akapandisha mtumbwi wake, akaufunika. Sasa sikilizeni jinsi tulivyobishana. Miezi mitatu yote, kijiweni, sokoni, kwenye daladala, neno lilikuwa moja: wavuvi. Wavuvi wamemaliza samaki. Wavuvi wanateseka. Wavuvi wapewe mikopo. Mwenye vyombo kadhaa, injini, taa na vijana wa kumvulia, na mzee mwenye mshipi mmoja na manyoya ya jogoo, wote ni neno moja. Mmoja akisimama kazi kwa miezi mitatu anahesabu hasara. Mwingine anahesabu vikombe vya unga. Sikusikia mtu hata mmoja akiuliza kama hawa wawili ni kitu kimoja. Sikuuliza hata mimi, na nilikuwa nakula ugali kwa huyo wa pili.

Kule Maine kuna mabwawa ambayo sheria inasema wazi: hapa ni ndoano ya manyoya tu, chambo mwiko. Kuna tarehe za kufunga na kuna vifaa vya kuruhusu, na waliokaa kuandika hayo walikuwa na majina ya vifaa hivyo kichwani tangu utotoni, kwa sababu vimeandikwa, vimechorwa, vimetungiwa hadithi. Sisemi sisi tuige ya Maine. Sisemi hata kwamba mwenye mshipi aachiwe wakati mwenye wavu amekaa. Ndoano si malaika. Ziwani humu yuko kuhe, samaki mkubwa, anayelea watoto wake, baba na mama wakizunguka kundi la vifaranga kama walinzi. Mwenye ndoano anayejua mahali pao atawatoa wazazi wote wawili asubuhi moja, na vifaranga wataliwa kabla ya adhuhuri. Mjomba anawajua watu wa namna hiyo kwa majina. Kwa hiyo ubishi ungekuwa mkali, na pande zote zingekuwa na hoja. Malalamiko yangu ni kwamba ubishi wenyewe haukufanyika. Ungefanyikaje, kama sisi tunaojidai mafundi wa maneno tulikuwa na neno moja tu?

Sisi wa kalamu tulichangia nini msimu ule? Mimi nilisoma beti kadhaa za wenzetu za kumlilia dagaa, katikati yake mvuvi maskini na wavu wake na bahari tulivu. Bahari tena!

Yule mkubwa wa fani atasema msomaji wa Dar es Salaam hamjui mgebuka. Kwani trauti alikuwa anamjua? Tulikubali kuambiwa habari za theluji na mvinyo na samaki tusiowaona, tukafanyia mitihani, tukafaulu. Msomaji wa Dar ataukuta mgebuka kwenye sentensi ya pili, na ukifanya kazi yako vizuri atamtamani kufika ya tano. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alipoiweka Rosa Mistika kisiwani kwao mwaka 1971, sidhani kama alipita Kariakoo kwanza kuuliza kama kisiwa kinauzika. Soko, soko! Mnazungumzia soko utadhani tumeshawahi kuuza nakala mia.

Na wewe uliyeniambia kijiweni kwamba vijana wanataka mapenzi: nenda ukamwone mjomba akichagua unyoya. Anaupeleka kwenye jua, anaugeuza, anaukataa, anachukua mwingine. Nimekuona ukichagua shati la kwenda kumwona mtu, hukutumia nusu ya muda huo.

Ziwa lilipofunguliwa nilimwomba anichukue. Shikamoo ilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikisubiri kuona kama ile kesi ya hadithi imekwisha. Akasema marahaba, akanipa kasia, bila maneno mengine. Usiku uliotangulia alikuwa ameniruhusu kufunga ndoano moja kati ya zake, ya tatu kutoka kwenye risasi. Nilitumia saa nzima. Nilizungusha uzi mara nyingi, nikafunga fundo juu ya fundo, nikaipamba na unyoya wa pili kwa sababu wa kwanza niliuona mpweke.

Alfajiri ile mshipi ulipanda mara nne. Mgebuka kwenye ya kwanza, kwenye ya pili, kwenye ya nne, ya tano, ya saba. Ya tatu ilipanda tupu mara zote, manyoya yamelowa na kulala ubavuni kama kuku aliyenyeshewa.

Mjomba aliishika, akaitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya barazani. "Umeweka maneno mengi," akasema.

Nimeifungua yote. Nyuzi ninazo, ndoano ninayo. Leo jioni nakwenda kwa jirani kumwomba tena yule jogoo.